Riwaya ya katuni ya watu wazima: ukoo wa Old Moshi unaoficha nguvu zake, kurasa 96. Naomba ushauri kabla ya kuanza wino

RauKalamu (Moshi)

Wakuu, habari za jioni. Mswada wa riwaya ya katuni umekamilika, kurasa 96, kwa wasomaji wa miaka 18 na kuendelea. Ni ukoo wa Old Moshi wenye uwezo usio wa kawaida: kuongea na maji ya mfongo (mfereji wa asili wa kumwagilia), kumsahaulisha mtu alichokiona, kuita mvua. Jirani hajui, padri hajui, mchungaji hajui. Matukio yanaruka kati ya mwaka 1935, mwaka 1967 na Desemba ya sasa, watu wanapopanda kihambani (shamba la nyumbani la ukoo) kwa Krismasi na babu anafariki bila kusema nani anarithi. Babu ndiye kijana wa 1935. Mswada na mchoro wa jalada nimeuweka hapa.

Waliosoma mswada wamerudi na malalamiko matatu. Hakuna hofu, maana likitokea tatizo mtu anatumia uwezo na limekwisha. Wahusika 11 wanawachanganya. Na kwenye michoro ya majaribio maneno hayaenei ndani ya maputo ya mazungumzo.

Juu ya hayo naomba mwongozo wa uchapaji. Nakala 500, ukubwa wa mm 165 kwa 235, nyeusi na nyeupe, ila nguvu zenyewe zikitokea zionekane kwa rangi. Bajeti haifiki kitabu kizima cha rangi.

MamaFremu (Arusha)

Ndugu RauKalamu, nianze na hofu kwa sababu mengine yananing'inia hapo.

Kila uwezo uwe na bei, na bei hiyo ailipe mtu mwingine, si yule anayeutumia. Mtumiaji akilipa mwenyewe, msomaji anamwona shujaa na anamsamehe kila kitu. Ndugu yake akilipa, ukoo una sababu ya kugombana. Shangazi anamsahaulisha mwalimu alichokiona mtoni. Kesho yake mtoto wa kaka yake anasimama njia panda na hakumbuki njia ya kwenda shule. Andika sheria hiyo kwenye karatasi moja: kinachofanyika, kinachodaiwa, anayedaiwa, na baada ya muda gani. Uwezo ambao huwezi kuujazia nafasi hizo nne, utoe kwenye kitabu. Halafu msomaji aione bei kabla ya kuuona muujiza. Mtoto apotee njia ukurasa wa 6; shangazi na mwalimu waonekane ukurasa wa 14. Ukianza na muujiza, bei inaonekana kama adhabu iliyobandikwa baadaye.

Pili, urithi. Mswada unauliza nani anarithi nguvu, lakini ndani ya ukoo wa Kichagga swali hilo haliwezi kutengwa na la kihamba. Kwa desturi mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama, na nyumba ya wazazi hubaki kwa kitinda mimba. Basi tumia yote mawili: uwezo ufuate jina, nyumba ifuate kitinda mimba, na kitu kinachohitajika kuutumia uwezo kiwe ndani ya nyumba. Mwenye nguvu hana mlango, mwenye mlango hana nguvu. Na mabinti? Aliyeolewa Rombo amehamia na siri kwenye ukoo mwingine. Mtoto wake ana jina la upande wa pili, je, maji ya mfongo yanamjibu? Hapo una ugomvi wa kurasa 40 bila joka wala upanga, na huo ndio utu uzima wa kitabu. Picha za faragha peke yake hazimfanyi msomaji wa miaka 40 aendelee kufunua.

Tatu, neno lenyewe. Mswada wako unawafanya wanafamilia waseme "uchawi wetu" mezani. Hakuna ukoo utakaosema hivyo. Mchawi ni neno la kumtuhumu mwingine, mganga ana wateja, mazingaombwe ni ya jukwaani. Watu wenye siri huchukua neno la kawaida na kulipa kazi ya pili. Mathalani "zamu": "Leo zamu ya nani?" "Zamu ya mama mdogo, lakini mgongo unamsumbua." Msomaji ataelewa likirudi mara ya tatu. Neno uchawi libaki kwenye vinywa vya watu wa nje, na mara ya kwanza litamkwe na mtu aliyesimama mlangoni.

Kuhusu wahusika 11: wanne tu hadi ukurasa wa 12, wengine waje na msiba, ambako hata katika maisha watu hutambulishana. Shida yako nyingine ni majina ya undugu. Mtu mmoja ni baba mdogo kwa huyu, mjomba kwa yule, babu kwa wa tatu. Kwenye riwaya ya maneno matupu unaweza kueleza. Kwenye katuni msomaji ana sura tu. Kwa hiyo kila jina la undugu linapobadilika ndani ya kurasa 30 za mwanzo, mhusika awemo kwenye fremu hiyo hiyo. Na kila mmoja awe na alama ya umbo, si ya rangi: mgongo uliopinda, kofia pana, kilemba kirefu. Wajaze wote 11 wino mweusi mtupu, ukubwa wa kidole gumba, uwapange mstari mmoja. Wawili wasiotofautika, mmoja abadilishwe umbo. Kwa kuwa una enzi tatu, chagua pia alama moja ya kurithi, mwanya au sikio lililochomoza, ili msomaji amtambue mjukuu kabla hajatajwa.

WinoMweusi

Mimi nishike maputo tu.

Maneno hayaenei kwa sababu umefuata vipimo vya katuni za Kiingereza, ambako kanuni inayozunguka ni maneno 35 kwa fremu. Neno moja la Kiswahili hubeba sentensi nzima, kwa hiyo idadi ya maneno haikusaidii. Hesabu herufi. Chukua "TUTAKAPOWAAMBIA": herufi 15. Kwa herufi kubwa za pointi 8, kila herufi inakula takriban mm 1.7, kwa hiyo neno hilo pekee ni mm 25. Ukurasa wenye upana wa mm 165, ukitoa mm 15 upande wa mgongo na mm 12 upande wa nje, unabaki na mm 138. Ukipanga fremu tatu kwa mstari, na nafasi ya mm 4 katikati, kila fremu ni mm 43. Neno moja limeshakula zaidi ya nusu, na bado puto linahitaji hewa pembeni. Panga fremu mbili kwa mstari, mm 67 kila moja, na tatu uzitumie pale tu pasipo na maneno. Puto lisizidi herufi 90 hivi. Likizidi, likate maputo mawili yaliyounganishwa.

Andika maneno kwenye michoro midogo ya mwanzo, kabla ya penseli kamili. Anayechora kwanza akaweka maneno mwishoni huishia kufunika mikono na macho, na kwenye hadithi ya siri mikono na macho ndiyo inayosema.

Angalieni pia herufi I. Fonti nyingi za katuni zina I ya aina mbili: yenye vifuniko juu na chini, iliyowekwa kwa ajili ya neno "mimi" la Kiingereza, na ile ya mstari mtupu. Ukiandika ukiwa umewasha herufi kubwa, unapata ile yenye vifuniko kila mahali, na Kiswahili kimejaa i: MIMI, SIKIMBII, HILI. Ukurasa unaonekana kama uzio. Andika kwa herufi ndogo kwenye kibodi. Fonti yenyewe itatoa kubwa zenye I sahihi. Jaribu pia NG' kabla ya kuchagua fonti, maana nyingine alama hiyo inaelea mbali na G.

Zima ukataji maneno wa kompyuta. Inakata kwa kanuni za Kiingereza na kukuletea "wan-akuja". Ukilazimika kukata mwenyewe, kata baada ya irabu: wana-kuja. Usitenganishe sh, ch, mb, nd wala ng'.

Sauti: tumia tanakali zetu. Mtu akitumbukia majini ni CHUBWI, akianguka mchangani ni TIFU, akianguka kwa kishindo ni PU. Kwa kitabu hiki kuna moja yenye thamani kubwa: JII. Fremu ya usiku, giza totoro, na JII limeandikwa kubwa kwa mstari mwembamba. Msomaji atasikia kwamba wadudu wamenyamaza, na atajua zamu imeanza.

KiboMawenzi (Moshi)

Nimeona mchoro wa jalada uliouweka. Mlima umegeuka. Ukiwa Old Moshi au mjini unautazama kutoka kusini: Kibo iko kushoto, Mawenzi kulia. Wewe umeweka Mawenzi kushoto, na hiyo hutokea mtu akinakili picha za Amboseli, ambazo zimepigwa kutoka upande wa Kenya. Kila msomaji wa Moshi ataona kabla hajafungua ukurasa wa kwanza.

Na mlima usiwe wazi kila saa. Alfajiri na jioni upo, mchana mara nyingi wingu limeufunika. Hilo linakupa saa bila kuandika "baadaye siku hiyo".

Kihamba kina ghorofa: kahawa chini, migomba juu yake, halafu miti mirefu kama mringaringa. Umechora migomba peke yake imepangwa mistari kama shamba la biashara. Majani ya mgomba huchanwa na upepo kwenye kingo. Yaliyo mazima yote yanaonekana ya plastiki. Mpaka wa kihamba ni mimea ya masale, na sale hilohilo ndilo mtu hubeba akienda kuomba msamaha. Ukitaka ishara inayorudi, tayari ipo pale uani, haina haja ya kubuni alama za nyota na duara.

Mfongo nao una zamu ya maji kati ya kaya na kaya. Neno alilopendekeza MamaFremu limekaa vizuri hapo: jirani akisikia "zamu" anafikiri maji.

JaladaLaKale (Arusha)

Hesabu ya miaka kwanza. Babu akiwa kijana wa miaka 20 mwaka 1935, alizaliwa 1915. Kufariki Desemba ya sasa maana yake amepita miaka 105. Ama mfanye kijana wa 1935 awe baba yake, ama umri huo mrefu uwe wenyewe ni uwezo, na kwa kanuni ya hapo juu kuna mtu mwingine ambaye miaka yake ilipungua. Mimi ningechagua la pili. Linajibu pia kwa nini hakutaja mrithi.

Siri ya 1935 ina sababu imara kuliko aibu. Sheria ya Uchawi iliwekwa na serikali ya kikoloni mwaka 1928, na bado imo kwenye vitabu vya sheria za nchi. Kwa hiyo ukoo unakwepa boma la serikali na kanisa kwa pamoja. Wakati huohuo kahawa inaleta fedha: chama cha wakulima cha KNPA kilianza 1925, KNCU kikafuata 1933. Kijana anayejua kuita mvua, katika kijiji ambacho kila kaya inahesabu kilo za kahawa, ana kishawishi kikubwa kuliko vita vyovyote na mashetani.

Kwenye sura ya 1967 umemweka mangi (chifu) akisikiliza kesi barazani. Mamlaka ya machifu yalifutwa 1963. Anayekuja kugonga mlango mwaka huo ni balozi wa nyumba kumi, na mtu anayehesabu kaya kumi tu ni hatari zaidi kwa wenye siri. Azimio la Arusha ni Februari 1967, kwa hiyo redio mezani ina kitu cha kusema.

Ombi moja zito. Usimfanye Mangi Meli kuwa chimbuko la nguvu za ukoo. Alinyongwa na Wajerumani Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, na ukoo wake bado unatafuta fuvu lake, linaloaminika kupelekwa Ujerumani. Hilo ni jeraha la watu walio hai. Vilevile usitumie jina la ukoo lililopo kwa kijiji chake halisi. Kumwita mtu mchawi, nchini mwetu, kumewahi kuishia kwenye mauaji ya vikongwe. Buni jina lenye mlio wa Kichagga, kisha muulize mzee wa Old Moshi kama halipo. Maneno ya Kichagga yawe machache, na yasomwe na mtu wa hukohuko: Kimachame, Kivunjo na Kirombo havifanani, na mhusika wa Old Moshi akiongea Kirombo mambo yameharibika.

Karatasi za serikali: namba ya ISBN inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Usajili wa kazi ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na hakimiliki inadumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kama mchoraji si wewe, mkataba wa maandishi useme picha ni za nani kabla ya penseli ya kwanza. Andika "miaka 18+" kwenye jalada, na kurasa za kuonja utakazoweka mtandaoni zisiwe na picha za faragha kabisa, kwa sababu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu cha ponografia.

PletiNaGundi (Moshi)

Kabla ya kuchora hata fremu moja, muulize mchapaji wako shiti yake (karatasi kubwa inayoingia mashineni kabla ya kukunjwa) ina ukubwa gani. Wengi huchagua B5 (mm 176 kwa 250) kwa kuwa inapendeza. Kwenye shiti ya sm 50 kwa 70, kurasa nne za B5 kwa upana ni mm 704. Haziingii, na ziada ya kukata bado. Ndiyo maana nakuunga mkono kwa mm 165 kwa 235: nne ni mm 660, mbili kwa urefu ni mm 470, inabaki nafasi ya ziada na ya mashine kushika karatasi.

Faili: ongeza mm 3 kila upande, iwe mm 171 kwa 241. Kwa nukta 600 kwa inchi hiyo ni pikseli 4039 kwa 5693. Kitu chochote kinachogusa ukingo kivuke hadi mwisho wa hizo mm 3, la sivyo kisu kikisogea kidogo unapata uzi mweupe. Picha unaweza kuchora kwa Krita, lakini maneno yaweke kwenye Scribus yakiwa maandishi, si picha, yatoke makali. Zote mbili ni za bure. Nyeusi ya maneno iwe nyeusi peke yake, asilimia 100, isichanganywe na rangi nyingine. Zikiteleza kidogo, kila herufi inapata kivuli.

Ukichora kwa mkono kwenye A3, picha itapunguzwa hadi takriban asilimia 55. Kalamu ya mm 0.3 inakuwa mm 0.17. Usishuke chini ya hapo, hasa nywele na nyasi.

Karatasi ya ndani bondi ya gramu 100, si 80. Una kurasa nyingi za usiku, na wino mwingi kwenye gramu 80 unaonekana upande wa pili. Jihadhari usiweke kurasa mbili nyeusi tii kwenye jani moja, mbele na nyuma; jani hukunjamana, na kama halikupewa muda wa kukauka wino unahamia ukurasa unaotazamana nalo. Wakati wa masika ukaukaji ni wa taratibu zaidi.

Kurasa 96 ni majani 48. Kwa unene wa takriban mm 0.12 kila jani, mgongo ni kama mm 6, unatosha gundi na jina dogo. Mwelekeo wa nyuzi za karatasi uwe sambamba na mgongo, la sivyo kitabu kinajifunga kila ukikiachia na gundi inapasuka. Kupima ni rahisi: kunja shiti bila kuikandamiza, kwa urefu kisha kwa upana. Mkunjo unaokubali kirahisi ndio ulio sambamba na nyuzi.

Nakala 500 ziko mpakani kati ya ofseti (inayotumia pleti, yaani mabamba ya kuchapia) na dijitali (isiyo na pleti). Omba bei ya zote mbili kwa karatasi ileile.

RauKalamu (Moshi)

Asanteni sana wakuu, na shikamoo dada MamaFremu. Mlima narekebisha leo, na miaka 105 itakuwa uwezo wenye mdai wake. Mkuu PletiNaGundi, rangi bado. Nilifikiria kurasa chache zilizotawanyika kitabu kizima: 14, 31, 52, 70 na 88. Inawezekana?

PletiNaGundi (Moshi)

Kwa dijitali inawezekana, unalipia kurasa hizo tu. Kwa ofseti ni hasara kubwa. Shiti moja inabeba kurasa 16, nane kila upande, kwa hiyo kitabu chako ni shiti 6. Nyeusi pekee ni pleti 2 kwa shiti, jumla 12. Rangi ni pleti 4 kwa kila upande, kwa hiyo kitabu kizima cha rangi ni pleti 48. Kurasa ulizotaja ziko kwenye shiti tano tofauti, za 1, 2, 4, 5 na 6. Ukurasa mmoja wa rangi unaugeuza upande mzima kuwa wa rangi: pande 5 kwa pleti 4, pande 7 kwa pleti 1, jumla 27.

Sasa angalia shiti ya mwisho, kurasa 81 hadi 96. Ikikunjwa, upande mmoja unabeba 81, 84, 85, 88, 89, 92, 93 na 96. Upande wa pili unabeba 82, 83, 86, 87, 90, 91, 94 na 95. Upande huu wa pili ni jozi zinazotazamana. Ukiupa rangi huo peke yake, msomaji anafunua: 82 na 83 rangi, 84 na 85 nyeusi, 86 na 87 rangi, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Pleti zinakuwa 15 tu, tatu zaidi ya kitabu cha nyeusi tupu.

MamaFremu (Arusha)

Marahaba RauKalamu. Hiyo ichukue. Kurasa 80 bila rangi hata moja, nguvu zote zikifanyika kwa kificho na msomaji akiona bei tu. Kisha ukurasa wa 81, wa kulia, uishie na mkono juu ya kitasa. Akifunua anakutana na rangi kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo kila ukifunua unahama: ndani ya zamu, nje ya zamu. Itabidi usogeze usiku wa mazishi uanzie hapo, na upunguze kama kurasa 5 kwenye sehemu ya 1967, ambayo imerefuka.

Jambo moja la kupima kabla: tengeneza dami (mfano wa mkono) ya shiti hiyo moja. Karatasi moja, ikunje mara tatu, andika namba 81 hadi 96 kabla ya kuikunjua, kisha ifungue uone mwenyewe zipi ziko pamoja. Mashine ya mchapaji wako ikiwa ndogo, ya kurasa 8 kwa shiti, mpangilio wa jozi haubadiliki, lakini pleti zitaongezeka, kwa hiyo mpelekee dami hiyo mkononi wakati wa kuomba bei.